Hodi Kwenye Tope la Jorodom

Kivuli cha kwanza Samira alidhani ni uchafu kwenye kamera ya simu.

Alikuwa amepiga magoti Jorodom, juu ya tope lililoporomoka kutoka mlimani likameza nyumba. Sasa limekauka, na maua ya njano yameota juu yake kwa fujo. Aliyapiga picha yakiwa katikati yake na jua, petali ziwake kama taa. Kampuni moja ya utalii ilitaka picha za hivyo. Ikizipenda, kazi ni yake. Asome botania miaka yote chuoni, halafu apange nyanya dukani kwa shangazi! No way.

"Samira!" Shangazi Mwanaamina aliita kutoka mlangoni mwa duka, ng'ambo ya barabara. "Umepiga hodi? Hapo hapakanyagwi bila hodi, kulikuwa na nyumba za watu!"

"Hodi kwa nani, shangazi? Mlango uko wapi? Please, golden hour ya jua hili la jioni hainisubiri."

"Ulimi wako utakuponza."

"Angalau ulimi uko bize, mimi sina kazi!"

Kwenye picha ya pili, kivuli kilikuwa na kichwa na mabega, kama mtu aliyesimama nyuma ya maua. Samira akainua macho. Hakuna mtu. Picha iliyofuata, kichwa cha kivuli kilikuwa kinagusa magoti yake.

Tope kavu likaanza kunuka ubichi. Mbuzi waliokuwa wakilia kando ya barabara wakanyamaza.

Akainuka aondoke, lakini barabara haikuwepo, jua lilikuwa usoni, akaligeuzia mgongo na bado likawa usoni, akakimbia huku maua yakimpiga mapajani, kisha kiunoni, kisha kifuani, mpaka hakujua kama ni yenyewe yanayorefuka au ni yeye anayezama.

"Hodi," alinong'ona. "Hodi jamani, samahani."

"Karibu," ikajibu sauti chini ya miguu yake. "Umechelewa kubisha, ila karibu."

Baridi ikampitia, akafumba macho. Alipofumbua macho, maua yalikuwa juu yake, mapana kama mapaa, yakiwaka. Katikati ya mashina akamwona msichana akiokota simu, akijipangusa magoti, akivuka barabara. Jua lilimpiga mgongoni, na mbele yake hakukuwa na kivuli.

"Hodi, shangazi," msichana akasema, kwa sauti ya Samira.

"Eeh! Leo umepata adabu! Karibu mwanangu, pita ndani."

Chini ya tope, Samira akapiga mayowe. Ua moja likatikisika bila upepo, na kule ng'ambo mlango ukafungwa.