Aliyeitikia Amin

Magharibi ilikuwa imekaribia pale mtaa wa Waberi, na Bilan alikuwa anatoka kwa shangazi yake Weris, nyumba ya pili, alikokwenda kuomba makaa. Makaa yake mwenyewe alikuwa nayo, ila ya Weris huwa yameshika vizuri, na Bilan hakuwa na subira ya kupuliza. Aliyabeba kwenye chetezo cha udongo, kakishika kwa kitambaa, huku midomo yake ikicheza kama ya mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani. Alikuwa anakariri lengo lake.

Mchana wa siku hiyo wanawake wanaouza maziwa ya ngamia walikuwa wamealikwa kwenye semina, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Garissa. Kulikuwa na biriani, kulikuwa na soda baridi, na kulikuwa na Keynan. Huyu Keynan ni kijana wa kwao hasa, ila amekulia Nairobi, na suti yake ilikuwa imembana mpaka unamhurumia. Kazi yake ni kufundisha watu kutaka. Usicheke, iko kazi ya namna hiyo siku hizi. Aliwaambia kila mmoja ajiwekee lengo kubwa, kubwa la kumtisha mwenyewe, kisha alitamke kwa sauti kila siku saa ile ile, kama mtu aliyekwisha kulipata.

Alipomnyooshea Bilan kidole, Bilan alisimama, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Mimi nataka duka kubwa ya maziwa," akasema. "Kubwa kushinda ya wote hapa Garissa. Insha'Allah."

Keynan alitabasamu, akatikisa kichwa. "Hapo ndipo mnapoharibu, mama. Hilo neno la mwisho ni mlango wa kutorokea. Litoe."

Mama mmoja wa nyuma alivuta istighfari kwa sauti ya chini. Lakini Bilan alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka humsikiliza yeyote anayemwambia kwamba tatizo ni dogo. Tangu usichana wake alikuwa anaamka kabla ya alfajiri kungojea gari linaloleta maziwa kutoka kwa wafugaji, anakaa juani sokoni na mitungi yake, na yale yasiyonunuliwa yanamchachia mbele ya macho. Akalirudia lengo lake, akalitoa lile neno. Wakampigia makofi.

Ila kuna jambo la kusema hapa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa halioni. Bilan alikuwa mtu wa furaha. Kicheko chake kilijulikana soko zima: kilianzia chini, kikapanda, kikapanda tena, kisha kikakatika kwa kwikwi ndogo mwishoni. Wenzake walimchekesha makusudi ili wakisikie. Binti yake Ifrah, mtoto wa pekee, alikuwa akimrukia jioni na kumtekenya mbavu mpaka ile kwikwi itoke, ndipo aridhike aende kula. Bilan hakuwahi kuhesabu hayo kuwa ni kitu.

Basi jioni hiyo uani hapakuwa na mtu. Mumewe, Daud, alikuwa njiani na lori kuelekea Takaba, na Ifrah alikuwa hajarudi kutoka madrasa. Bilan alikaa kwenye kigoda, akatia ubani juu ya makaa. Kwao nyumba hufukizwa saa hiyo kila siku, kwa sababu saa hiyo si ya watu peke yao. Na kwao, jambo la kesho hukabidhiwa kwa Mungu kabla halijatoka kinywani. Mtoto mdogo anayajua hayo. Hata Keynan aliyajua, kabla ya ile suti.

Moshi ukapanda. Bilan akalitamka lengo lake lote, kwa sauti, kama alivyofundishwa. Lile neno la mwisho hakulisema.

"Amin."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nje ya ukuta wa mabati... karibu kabisa.

Bilan alidhani ni Weris, akamwita. Hakuitikiwa. Badala yake ilikuja harufu, na harufu hiyo kila muuza maziwa anaijua na kuionea haya: ya mtungi uliofungwa mbichi bila kufukizwa moshi, ukasahaulika juani. Akaenda kukagua mitungi yake yote. Ilikuwa safi.

Kesho yake, saa ile ile, alitamka tena. Safari hii lango lilifunguka bila hodi. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, buibui limepauka, midomo imepasukapasuka. Hakutoa salamu. Alisimama pale moshi wa ubani ulipoishia, hakusogea mbele hata kidogo. Ile harufu ilikuwa yake.

"Unayoyataka nitakuletea," akanong'ona. "Yote. Ila furaha yake itakuwa yangu."

Bilan alimwonea huruma. Ukame ulikuwa umewaleta wengi mjini, na baadhi yao akili zilikuwa zimebaki kulekule mifugo ilikofia. Akajibu kwa mzaha, kama unavyomjibu mtu wa aina hiyo ili aende zake.

"Furaha haijazi mtungi, abaayo, dada yangu. Chukua."

Akacheka. Yule mwanamke aliinamisha kichwa upande, akakisikiliza kile kicheko chote, toka chini hadi kwenye kwikwi. Kisha akafumba macho na kumeza mate.

Bilan aliinama kuchukua kikombe ampe maziwa. Alipoinuka, pale langoni hapakuwa na mtu.

Mambo yakaanza kwenda. Na yalikwenda mbio, jamani. Mwenye hoteli moja kubwa alimtuma mtu, anataka maziwa yake kila asubuhi. Chumba cha kona karibu na soko, kilichogombaniwa na watu wenye majina, kiliachwa wazi, na mwenyewe akamtafuta Bilan kwa mguu. Friji zikaja, kibao kikapakwa rangi, na mvua hazijanyesha duka likawa tayari.

Siku ya kulifungua wanawake walipiga vigelegele mpaka barabara ikasimama. Bilan alishika ufunguo, akaungojea moyo upande.

Haukupanda.

Aliona kila kitu sawasawa. Friji nyeupe, jina lake juu ya mlango, wenzake wakimwaga machozi kwa niaba yake. Ndani mwake mlikuwa kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Akatabasamu kwa kuulazimisha uso. Na hapo, nyuma kabisa ya umati, akasikia mtu anacheka. Kilianzia chini... kikapanda... kikapanda tena...

Kwikwi.

Alisukuma watu hadi nyuma. Alimwona mgongo tu, akikata kona. Buibui lilikuwa jipya, na mwili umejaa kidogo.

Mtu mwingine angeshtuka akasimama hapo hapo. Bilan alifanya wanachofanya wengi wetu: alidhani lengo lilikuwa dogo. Akajiambia duka si kitu, furaha iko kwenye gari la kubebea maziwa. Akalitamka juu ya chetezo, magharibi, bila lile neno. Amin, ikaitikiwa. Gari likaja, naye akalitazama kama anavyotazama gari la jirani. Akasema basi ni matawi, afungue Habaswein, afungue Wajir. Amin. Habaswein walimpokea kwa kuchinja, akala nyama akaona ni kutafuna tu. Kila alipofika, mwenye kufurahi alikuwa ameshatangulia, na kile kicheko alikisikia kutoka nyuma ya watu. Kilikuwa kinanenepa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Furaha za mbele zilipopungua, za nyuma zikaanza kuondoka. Chai ya tangawizi na maziwa, ambayo alikuwa hakai bila hiyo, ikawa maji ya moto. Sauti ya Daud kwenye simu ikawa sauti ya mtu anayeuliza maswali. Ifrah alimrukia akamtekenya mbavu, naye akakaa tu, anamtazama, mpaka mtoto akaitoa mikono yake polepole na kuificha nyuma.

Jioni moja Ifrah alirudi kutoka madrasa akikimbia. Alikuwa amekamilisha juzuu lake, mwalimu amemsifu mbele ya wote. Alisimama mbele ya mama yake akihema, akingoja. Bilan alijua kabisa kinachotakiwa. Akasema masha'Allah, vizuri, nenda ukaoge.

Ifrah hakuondoka.

"Hooyo, mama, mbona hufurahi?" akauliza. "Yule mwingine alifurahi."

"Mwingine nani?"

"Anayenisindikiza kutoka madrasa. Anacheka kama ulivyokuwa unacheka." Mtoto akainamisha macho. "Huwa namtekenya."

Nguo za Ifrah zilikuwa zinanuka ule mtungi. Bilan alimshika mkono, akatoka naye vilevile bila viatu hadi kwa Weris, na kwa mara ya kwanza akasimulia yote, tangu semina hadi hapo.

Weris alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, na Bilan alitegemea matusi. Hakupata tusi hata moja, na hilo ndilo lililokuwa baya. Shangazi alimweleza kwa upole kwamba nia isiyokabidhiwa kwa Mungu hubaki imening'inia, na saa ya magharibi wapitao ni wengi. Ni nani huyo aliyeishika, hakujua. Mama yake yeye Weris aliwahi kumtaja mmoja anayefuata miji ya watu wakati wa kiangazi, hali nyama wala hanywi maziwa, na hakusema zaidi ya hapo. Bilan akauliza kama furaha yake inaweza kurudishwa.

"Ungekuwa umenyang'anywa, ningekuombea," Weris akasema. "Hiki ulikitoa. Kwa mdomo wako." Akamtazama Ifrah aliyekuwa anachezea pindo la mkeka. "Jaribu kuvirudisha ulivyopewa. Leo hii. Huyu asije akaenda."

Magharibi haijaingia vizuri wakawa wamekaa uani kwa Bilan, chetezo katikati. Ifrah walimfungia chumbani. Bilan alitia ubani, akasema kwa sauti kwamba duka halitaki, gari halitaki, Habaswein na Wajir hapataki, na kwamba kuanzia sasa anamkabidhi Mungu yaliyopita na yajayo. Akalisema lile neno, mara nyingi, mpaka Weris akamgusa goti anyamaze.

Kisha ile harufu.

Lango lilifunguka. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mzuri, na hilo lazima nilikiri. Ngozi inang'aa, mashavu yamejaa, na macho yana ule uchangamfu ambao watu wa soko walikuwa wakiuona kwa Bilan zamani. Alimwangalia Bilan kwa mapenzi kabisa, kama mgeni aliyekula akashiba.

"Duka ni lako," akanong'ona. "Duka sikuligusa mimi."

Weris alianza kusoma Ayatul Kursi. Mwanamke hakuondoka. Alimsikiliza kwa adabu, mikono mbele, kisha akacheka kidogo tu. Kicheko kilianzia chini, kikapanda.

Ndani ya chumba komeo la dirisha likagonga. Ifrah alikuwa mwepesi, na dirisha halikuwa na nondo. Bilan alimwona anaruka chini, anakuja mbio uani, uso umemfunguka, mikono mbele.

"Hooyo!"

Akampita mama yake.

Bilan alimdaka gauni. Mtoto akavutika nyuma, akapiga kelele, akapiga mateke. Aliuma mkono ule uliomshika mpaka damu ikatoka. "Niache! Namtaka hooyo! Niache niende kwa hooyo!" Na macho yake yalikuwa langoni, kwa yule mwingine, aliyekuwa amepiga magoti na kufungua mikono.

Ndani ya Bilan, hakuna kilichotikisika. Alijitafuta. Alitafuta uchungu, akatafuta hasira, akatafuta hata woga. Hakukuta kitu. Alijua kwamba huyu ni mwanawe kama alivyojua jina la mtaa. Hapakuwa na sababu yoyote moyoni ya kuendelea kumshika.

Hakumwachilia. Alimvuta kifuani akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akakaa chini naye, na mikono yake ikakataa kufunguka.

Mwanamke alingoja mpaka adhana ya isha. Kisha akainuka, akakung'uta magoti, akaenda zake bila haraka. Alionekana mtu mwenye siku nyingi mbele yake.

Duka limefungwa tangu siku hiyo, na matawi wamechukua wengine. Watu wanasema Bilan amerogwa na wivu wa watu, wengine wanasema ni maradhi ya mawazo, na Daud amemleta sheikh na amempeleka hospitali. Ifrah haendi tena madrasa ya jioni. Kila siku, jua likianza kuzama, Bilan anafunga lango, anamwita mwanawe, anamkumbatia, na mtoto anakaa mikononi mwake mkakamavu, anatazama kando, mpaka kiza kiingie.

Jana mtoto alichoka kulia akalala kifuani kwa mama yake. Nje ya ukuta wa mabati mtu akacheka, taratibu, toka chini hadi kwenye kwikwi. Bilan aliinamisha kichwa kumtazama mwanawe. Ifrah, usingizini, alikuwa anatabasamu.