Usukani Ulikuwa Unatikiswa na Nani?

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mjuaji wa kupindukia. Kazi yake kuuza mapazia, lakini akianza habari za magari utadhani yeye ndiye aliyeyaunda. Jumamosi ile asubuhi alisimama uani kwao, kaptura na miwani ya jua, anamfundisha fundi kazi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Gari lao lilikuwa linagonga mbele. Ukikata kona, ko! Ukipita kwenye shimo, ko-ko! Na usukani ulikuwa umelegea, unauzungusha na matairi hayana habari. Dawa ya shemeji ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Dada ndiye aliyemwita fundi. Alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na mchana ule walipanga kusafiri kwenda kwa mama mkwe, njia yenyewe mteremko na kona tupu.

"Mimi sipandi kabla halijaangaliwa," dada alisema.

"Woga wa wanawake tu," akajibu shemeji. Loo! Ningekuwa na sufuria mkononi ningemrushia.

Fundi hakuwa na maneno mengi. Akapiga jeki, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini akalitikisa. Kimya. Akalishika kulia na kushoto. Likacheza.

"Kuna jointi inacheza, kiungo cha usukani," akasema. "Bosi, kaa kwenye usukani. Tikisa kidogo kidogo, kulia, kushoto, usiache mpaka nikwambie. Mimi huku chini nitashika jointi moja moja. Iliyokufa nitaisikia mkononi."

Ndivyo wanavyofanya. Mmoja juu, mmoja chini, hawaonani, wanaaminiana.

Kumwamini shemeji, jamani! Alitikisa kidogo tu, simu ikaita, akashuka bila kumwambia fundi neno, akaenda zake getini kupiga domo. Mimi na dada tulikuwa barazani. Nikafungua mdomo nimtukane, jicho likaangukia kwenye gari.

Usukani ulikuwa bado unatembea. Kulia. Kushoto. Polepole. Kiti kitupu.

"Hapohapo, bosi," fundi akasema kutoka chini. "Endelea."

Dada akanikamata mkono.

"Basi. Acha," fundi akasema.

Haukuacha.

"Bosi, nimesema acha!" Kisha sauti yake ikashuka. "Na huyu aliyenishika mkono ni nani?"

Alitoka kwa mgongo, viwiko vinachubuka sakafuni. Akatazama kiti. Akatutazama sisi. Usukani ukatulia.

"Jointi zote zimekaza," akanong'ona. "Hakuna iliyolegea hata moja. Kuna mtu anazivuta. Mama, usipande gari hili."

Akalishusha gari, akakusanya spana zake. Shemeji alipoambiwa, alicheka mpaka akakohoa. Fundi ni mlevi, dada ni mwoga, na mimi ndiye mchawi kabisa, nataka kuvunja ndoa yake. Dada hakubishana. Aliingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Nenda mwenyewe!" akasema kupitia dirisha.

"Nikifika salama mtaona aibu nyie." Akaondoka kwa mbwembwe, redio juu. Nikasema kimoyomoyo, nenda, mjinga wewe. Nilimdharau vile vile alivyotudharau.

Jua lilikuwa bado kali simu yangu ilipoita. Ni yeye. Sauti ya chini sana, hana majigambo hata chembe.

"Shemeji, nisaidie. Ongea na dada yako."

"Kafanyaje?"

"Tangu tulipotoka hataki kunijibu. Amenishikia usukani. Mwambie aachie, nakuomba. Mikono yake ina baridi."

Dada alikuwa amekaa mbele yangu, anamenya viazi.

"Shemeji," nikasema, "dada yuko hapa na mimi."

Nikasikia ko. Kisha ko-ko. Simu ikakatika.

Nikampigia fundi, akaja akanipakia kwenye pikipiki yake tukalifuata gari. Tulilikuta kwenye kona ya mwisho, limeegeshwa vizuri kabisa, halina mkwaruzo, injini inaunguruma. Shemeji hakuwemo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani, milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani. Tuliita mpaka sauti zikatuishia. Hajaonekana hadi leo.

Fundi akavunja kioo, akazima gari. Ndipo nikaona kiti cha abiria. Mkanda ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umevutwa mbele, umesimama hewani, umezunguka nafasi tupu ya tumbo kubwa.