Magonjwa Mawili ya Mama Loisi

Kila asubuhi Loisi aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, kisha akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Nje, malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Kabla ya kwenda shule alimwamsha mama na kumtazama machoni. Macho ndiyo yaliyomwambia siku itakuwaje.

Mama yake, Tulinagwe, alikuwa fundi wa sare za shule. Walihamia Tunduma kutoka Isongole baada ya baba kufariki. Muda si mrefu mama akaanza kusikia watu wasioonekana wakimtukana. Kisha akaanza kunywa viroba, vile vipaketi vya pombe kali vilivyouzwa kila kibanda siku zile.

"Mama, kwa nini unakunywa?" Loisi alimwuliza.

"Nikinywa wananyamaza, mwanangu."

Walikuwa wamehangaika sana. Kwenye zahanati moja mhudumu alisikia harufu ya pombe, akasema, "Aache kwanza ulevi, ndipo alete habari za sauti." Kanisani wakamshauri aache pombe. Akajaribu, lakini sauti zikamzidi, akarudi kwenye viroba. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Shuleni, mvulana aitwaye Emanueli alimwuliza Loisi mbele ya wenzake, "Kwani mama yako ni mlevi au mwehu?"

Jumamosi moja akaamua kumponya mwenyewe. Mama akiwa amelala, alitafuta viroba vyote chini ya godoro, akavikata kimoja kimoja na kuvimwaga chooni. Kisha akafunga mlango kwa ndani kwa kufuli, akakaa kizingitini. Mama alipoamka alibembeleza, akafoka, akalia. Loisi alilia pia, lakini hakufungua.

Jumapili mama alitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka. Alikung'uta gauni lake akisema limejaa siafu, lakini hapakuwa na siafu hata mmoja. Ghafla akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni.

"Mama Bushra!" Loisi alipiga ukelele akihangaika na kufuli. "Njoo! Nimemwua mama!"

Mama Bushra, jirani aliyekuwa akiuza mchele, alifika mbio na ushungi wake ukimdondoka. Hakuuliza maswali. Alisimamisha pikapu iliyokuwa ikipakia magunia, wakampakia mgonjwa na kumkimbiza hospitali.

Mama alipotulia, muuguzi Conjesta, aliyehudumia wagonjwa wa akili, alimwita Loisi kando.

"Nani aliyemfungia ndani?"

"Mimi," alijibu Loisi, akingoja kofi.

"Keti, mwanangu. Ulitaka kumsaidia. Lakini mwili uliozoea pombe hauachishwi ghafla nyumbani. Mtu anaweza kupata degedege, hata kufa. Huachishwa hospitalini, kwa dawa, akiangaliwa."

"Na zile sauti? Kule zahanati walitufukuza, wakasema aache kwanza ulevi."

"Huo ni ugonjwa mwingine. Mama yako ana magonjwa mawili. Ukitibu mmoja ukauacha wa pili, ulioachwa utamrudisha mwenzake. Yote mawili yatatibiwa pamoja. Aliyewafukuza alikosea."

Mama alilazwa. Loisi akakaa kwa Mama Bushra. Siku ya kwanza alipokwenda kumwona, mama hakumtambua, na Loisi alirudi akiwa ameushika mkono wa Mama Bushra njia nzima.

Baada ya wiki kadhaa mama alirudi nyumbani. Alikunywa vidonge, akahudhuria kliniki kila mwezi, akashona tena. Lakini vidonge vilimletea usingizi.

"Nimepona sasa," alisema siku moja. "Dawa hizi zinanifanya nisione hata tundu la sindano."

Akaacha kimya kimya. Haukupita muda Loisi alirudi kutoka shule akamkuta akibishana na ukuta, kiroba kitupu mkononi. Safari hii hakumwaga kitu wala kufunga mlango. Alilia, kisha akaenda kumwita Mama Bushra.

Kesho yake walimpeleka kliniki, lakini mama aligoma kuingia.

"Nesi aliniona mzima. Leo nitamtazama vipi?"

Conjesta mwenyewe alitoka, akaketi naye kwenye benchi. "Tulinagwe, hatukufukuzi. Umekunywa jana, leo umekuja. Hilo ndilo tunalotaka. Dawa ikikulaza, njoo useme, daktari ataibadilisha. Usiiache peke yako."

Mama aliinamisha kichwa, kisha akakitikisa kukubali.

"Akianguka tena nitafanya nini?" Loisi aliuliza.

"Utamwita mtu mzima mapema, kama ulivyofanya," alisema Conjesta. "Kumponya mama si kazi yako, Loisi. Hukumtia ugonjwa, wala huwezi kumwondolea. Wewe mpende, na usome. Tiba hii ni ndefu, na wengi huanguka njiani. Anayerudi kwenye matibabu bado anapona."

Mama aliinuka, akaingia ndani na muuguzi. Loisi alibaki kwenye benchi.

"Mama Bushra, kweli atapona?"

Mama Bushra alimvuta karibu. "Sijui, mwanangu. Leo amekuja. Siku ya kliniki ikifika, tutamleta tena."