Kifuniko cha Buluu

Siku ile, kwenye geti la gereza, tulikuwepo mume wangu, ambaye ni dereva wa gari la dawa, askari wa zamu, mimi, na mwanangu mchanga mgongoni. Mimi sikuwa na kazi pale. Mume wangu alitupa lifti kwenda kliniki ya watoto, akasema apitie kwanza ashushe maboksi.

Kushusha kukashindikana. Boksi lililofungwa kwa lakiri hupokelewa na tabibu wa gereza peke yake, na tabibu hakuwepo.

"Wiki iliyopita mlinirudisha hivi hivi," mume wangu alifoka. "Afande, hizi ni dawa, si matofali!"

"Kaka, nikipokea mimi, kesho nalala ndani pamoja na wafungwa. Subiri, amesema yuko njiani."

"Yuko njiani tangu asubuhi! Anakuja kwa magoti?"

Lakini askari yule alikuwa na utu. Alinipa kiti chake, yeye akasimama juani.

Nilikisogeza nyuma ya gari, penye kivuli, nimnyonyeshe mtoto. Hapo nilimkuta mfungwa amechuchumaa, ufagio miguuni. Kifua chake kilipiga miluzi kila alipovuta pumzi. Mwanangu alikuwa analia kwa joto. Yule bwana akatoa mfukoni kifuniko kidogo cha buluu, akakibingirisha kiganjani mpaka mtoto akacheka. Akampa.

"Dada," alinong'ona, "pampu ya pumu imekuja?"

"Imekuja, kaka. Imo ndani ya boksi. Wanamsubiri tabibu."

"Bado wanamsubiri?"

Hakukasirika. Niliyekasirika ni mimi. Niliinuka, nikamfuata askari.

"Mgonjwa wenu anakata roho huku nyuma na nyie mnabishana!"

"Mgonjwa gani, shemeji? Leo hatujamtoa mfungwa yeyote nje."

Tukazunguka gari. Kiti kilikuwepo. Mtu hakuwepo. Ufagio haukuwepo.

Miluzi ilikuwepo. Ilitoka ndani ya maboksi.

Wakati huohuo tabibu akafika, anahema, samahani nyingi mdomoni. Alikagua lakiri. Nzima. Akaikata.

Miluzi ikakoma.

Pampu zote zilikuwemo, mpya. Moja haikuwa na kifuniko. Mdomo wake ulikuwa umelowa. Tabibu aliibonyeza.

Tupu.

"Nani ana pumu humu?" mume wangu aliuliza.

Askari ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Alikuwa mfagiaji wetu. Ile siku tulipokurudisha, hakuiona jioni."

Nilikifungua kiganja cha mwanangu, nikakijaribu kile kifuniko kwenye pampu. Kiliingia sawasawa.

Utaratibu wao haujabadilika. Jana mume wangu amerudishwa tena, na bohari ya dawa alikuta imeshafungwa, akaja na mzigo nyumbani. Boksi la pampu limelala sebuleni kwetu, lakiri yake nzima.