Telefoni ya Mtu wa Kwetu

Mjini Bunia kila mtu anaijua kanuni: telefoni iliyokwisha tumika hainunuliwi bila karatasi, bila shahidi, bila kujua ilikuwa ya nani. Musoki alikuwa akiwahubiria wenzake hivyo hivyo sokoni, tena kwa ukali. Lakini muuzaji alimsalimia kwa Kinande, lugha ya kwao, akautaja na mtaa alikozaliwa kule Butembo.

"Kati ya siye, karatasi ya nini, mama?" alisema yule mtu.

Moyo ukalainika. Mtu wa kwetu unamdaije karatasi? Hapo ndipo alipokosea, nami simcheki, maana ugeni unachosha, na mumewe Liévin alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu miezi mitano bila habari.

Akainunua telefoni, akaiweka kwenye beseni, kando ya samaki wa ziwani kutoka Tchomia aliokuwa akiuza. Puce, ile laini ya simu, hakuwa ametia bado. Saa nane mchana ikalia, akaipokea.

"Abigaël," mwanamke akanong'ona ndani yake, "uko wapi, mwanangu? Mama iko nakutafuta."

Harufu ya udongo mbichi ikapanda, ikaishinda ya samaki. Musoki akaizima. Kesho yake ikalia tena, akaizima tena, akajidanganya kuwa ni ubovu wa chombo. Siku ya tatu, akisonga bugali nyumbani, mtaa wa Lumumba, alimsikia Plamedi, binti yake wa miaka sita, ndiye pekee aliyebakia kati ya watoto wanne, akiongea polepole nyuma ya pazia, na sauti ile ikimuuliza kama amekula, nani amemsuka, miguu imepona au bado, na mtoto akijibu yote kwa upole kama anayejibu kila siku, hata alipoulizwa jina akasema, "Abigaël."

Musoki alimbeba mgongoni, akakimbia mpaka kwa Baudouin, fundi wa telefoni. Fundi akaifungua, akakuta picha ya mwanamke na msichana mdogo.

"Mama Plamedi, huyu mama ninamujua," alisema chinichini. "Alikufa njia ya Boga, siku ya kukimbia vita. Mutoto alimupotea kati ya batu. Alikufa anaita namba ya jirani yake, anauliza mutoto. Tulimuzika na telefone yake ku mukono, vidole vilikatala kufunguka."

"Basi yule mutu aliyeniuzia aliitoa wapi?"

Wote wawili walikuwa wameelewa kuwa kaburi limefukuliwa.

Wakamwita mwalimu mmoja mzee, Mwislamu aliyewahi kuishi na wachimbaji. Akasoma dua, akanyunyiza maji, akatikisa kichwa.

"Huyu si marehemu. Ni jini limevaa uchungu wake. Mimi sitaliweza peke yangu. Mama wa mutoto alikatalie kwa kinywa chake."

Musoki akapiga magoti mbele ya kile chombo.

"Dada, machozi yako ninayajua. Weye umepoteza moja, miye nilizika batatu. Lakini huyu iko wangu. Tafazali, uniachie."

Telefoni haikuwa na betri tena, Baudouin alikuwa ameitoa, na bado kilio kikatoka ndani yake, kirefu, cha mtu aliyechoka kutafuta, mpaka wanaume wakageuza nyuso. Kisha kikakatika, na ile harufu ikaondoka. Siku hiyo hiyo waliirudisha kaburini, wakafukia kwa mawe.

Nyumbani Musoki akapakua chakula.

"Plamedi, kuya ukule."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akitazama barabara. Hakugeuka. Musoki akamwita mara ya pili, ya tatu, akamshika bega, wapi. Mwishowe akalinong'ona lile jina lingine.

Mtoto akageuka, akamrukia shingoni.

"Mama," akasema huku akilia, "nilikutafuta sana."

Majirani wanamsema Musoki hadi leo kwa kumwita bintiye kwa jina la yule mtoto aliyepotea. Mwacheni. Akiitwa Plamedi, mtoto hali chochote.