Pengo la Mtaa wa Kongo

Saa kumi na mbili jioni, wiki moja kabla ya Krismasi, nilipanda ghorofa ya nne pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikiwa na kitambaa na chupa ya spiriti. Naenda kufuta kioo cha kamera. Kazi ya dakika tano.

Mimi Elibariki niliishia darasa la saba, lakini kamera zote kumi na nane za mtaa ule nimefunga mimi. Waliosomea walikuja wakashindwa, wakaniita. Ukweli lazima usemwe.

Ndani alikuwepo Bijal, binti wa Upanga aliyetengeneza programu. Kila mtu anayepita mtaani anakuwa nukta nyeupe kwenye skrini. Kompyuta inakisia wapi watabanana dakika kumi zijazo, walinzi wanapuliza filimbi na kufunga njia kabla watu hawajakanyagana.

"Shikamoo fundi. Kamera ya sita ina doa."

"Marahaba. Doa? Kamera yangu mimi?"

Akanionyesha. Mtaa umejaa nukta hadi kwenye kuta, na katikati… duara tupu. Upana wa hatua tatu hivi. Watu wanafika ukingoni, wanapinda, wanaendelea na hadithi zao. Hakuna anayetazama chini. Hakuna anayeshangaa.

Nikajitokeza dirishani, nikafuta kioo mpaka kikalia.

Duara lipo.

Halafu likasogea.

Likatoka kamera ya sita, likaingia ya saba. Uchafu wa kioo hauhami kamera, jamani.

"Programu inasemaje?" nikanong'ona.

"Inasema pale pamejaa." Bijal alikuwa ameng'ang'ania kiti. "Watu arobaini, fundi. Wamebanana."

"Wako wapi?"

Akagusa lile duara kwa kidole. Akasema tu, "Jumatatu lilisimama kwa Hafidhi."

Hafidhi muuza mikanda nilimjua. Jumanne hakuuza hata mkanda mmoja, watu walimzunguka kama shimo. Jumatano asubuhi alifia kwenye kiti chake, mbele ya meza yake. Maelfu walipita. Mpaka giza linaingia ndipo mlinzi alipomgusa bega.

"Na leo linaenda wapi?"

Akabonyeza. Mstari mwekundu ukanyooka, ukapinda, ukaishia mlangoni mwa duka la vitenge.

Duka la Joyceline. Mke wangu, mama wa binti yetu Klara.

Nikampigia. Simu inaita tu… inaita tu. Nikampigia Bijal huku nashuka ngazi. "Niongoze mpaka ndani ya hilo duara. Nalizuia."

"Fundi, usi…"

"Niongoze!"

Nikaingia kwenye watu. Viwiko, mizigo, matusi.

"Angalia mbele, babu!"

"Babu ni baba yako!"

"Kushoto," Bijal ananong'ona sikioni. "Mbele. Hatua tano… mbili…"

Kimya.

Spika za matangazo, filimbi, pikipiki, vyote vikakatika. Baridi. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi… Na pumzi. Pumzi nyingi, shingoni, kifuani, kwapani. Kwa macho nilikuwa peke yangu. Lakini mbavu zangu zilikuwa zinabanwa hadi zinalia.

Mwingine angezimia. Mimi nikakaza miguu. Nikatanua mikono.

"Kwa mama Klara hamwendi," nikasema. "Mkitaka mtu, mimi hapa."

Zile pumzi zikasimama. Zote. Kwa pamoja.

"Fundi?" Bijal akaita sikioni. "Fundi, limesimama… Uko wapi? Sikuoni."

Kelele zikarudi ghafla kama mvua juu ya mabati. Pale mlangoni Joyceline anakunja vitenge, anabishana bei na mteja, mzima wa afya. Nikatikisa kichwa, nikacheka peke yangu. Elibariki huyo! Ameshinda majini arobaini kwa mdomo!

Hiyo ilikuwa jana.

Nimeuliza watu. Mpemba mmoja wa mtaa wa Gerezani ameniambia ni majini, wanatembea wakati wa magharibi. Euphrasia wa mgahawani anasema ni watu waliobanwa wakafa, wanatafuta nafasi. Walau nadhani walinijibu. Walikuwa wanatazama pembeni wakiongea.

Leo nimevuka Kariakoo nzima na trei sita za mayai kichwani, saa ya msongamano. Hakuna aliyenigusa. Halikuvunjika hata moja! Nani mwingine mjini hapa anaweza?

Bijal nimempigia mara tisa. Mara ya kumi akapokea. "Haloo? Haloo?" Nikaongea mpaka koo likakauka. Akakata.

Sasa hivi niko nyumbani. Joyceline amemaliza kuandaa chakula. Sahani mbili, yake na ya Klara. Anapita kwenda jikoni, na kila akifika kwenye kiti changu anapinda kidogo, hatua tatu, huku anaimba.

"Mama Klara," nimemwita.

Ameinua kichwa. Amepunguza sauti ya redio, amesikiliza…

Halafu ameongeza tena.