Kuku wa Jirani na Ukoka Uliokauka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia baraza, kisha akaokota majani yaliyoanguka usiku juu ya ukoka mbele ya nyumba. Jina hilo alipewa na baba yake, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Ukoka ule baba aliupanda kwa mikono yake mwenyewe siku za mapumziko, akiacha randa na misumeno kwenye karakana yake ya useremala. Alitaka mtoto wao mdogo, aliyeanza kutambaa, apate mahali laini pasipomchubua magoti.

Asubuhi moja Chiriku aliona doa la manjano karibu na baraza. Kuku watatu wa jirani walikuwa pale, wanachakura kwa bidii kana kwamba wamelipwa. Aliwafukuza kwa ufagio, akaingia ndani mbio.

"Baba, kuku wa mama mshonaji wanang'oa ukoka wetu. Nimewaona kwa macho yangu."

Kweli aliwaona wakichakura. Lakini walichakura mahali palipokwisha kukauka, na kama angeulizwa palikauka lini, asingekuwa na jibu. Hakuna aliyemuuliza.

Jioni baba alikwenda kwa jirani. Mama mshonaji aliishi kwa cherehani yake, na kuku wale walikuwa kitoweo chake na mayai yake. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, hakubishana, akasema atawafungia. Tangu siku ile kuku hawakutoka bandani. Zamani Chiriku akipita, mama mshonaji alimwita ampe vipande vya vitambaa vya kushonea nguo za mwanasesere. Sasa aliitikia salamu tu, akainamia kazi yake.

Ajabu ni kwamba doa halikupona. Kuku wamefungwa, nalo linakua. Likazaa la pili, na la tatu. Baba akamwagilia maji kila jioni, lakini ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe akarudi na chupa ya dawa na bomba la kupulizia.

"Leo nitaua kila kilichomo," alisema, akikunja mikono ya shati.

Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini hospitalini, sare ya uuguzi ingali mwilini. Alimnyanyua mtoto kutoka kwenye nyasi, akampakata.

"Utaua nini, baba Chiriku?"

"Wadudu."

"Wadudu gani?"

Baba alicheka kidogo. Mama akamwambia kwamba wodini, mgonjwa akija na homa, hawampi dawa yoyote waliyoikuta kabatini. Humpima kwanza. Akasoma maandishi ya chupani, yaliyoonya kwamba watoto na wanyama wasikanyage mahali palipopuliziwa. Halafu akamgeukia binti yake.

"Chukua koleo ukaangalie chini ya lile doa. Uje uniambie ulichokiona. Ulichokiona tu."

Chiriku alichuchumaa. Kabla hata ya kutumia koleo alivuta nyasi, zikaja zote kwa pamoja, kama mtu anayekunja mkeka. Hazikuwa na mizizi. Alipofukua kidogo akakuta mabuu manene, meupe, yenye vichwa vya kahawia, yamejikunja kama watoto waliolala kwenye baridi. Alichimba pia mahali penye ukoka mzuri, akakuta buu moja tu. Akarudi kueleza yote hayo, bila kuongeza chumvi.

Mama akaja kutazama. Alieleza kwamba mabuu yale ni watoto wa mbawakawa, wale wadudu wa kahawia wenye mabawa magumu wanaogongagonga taa ya barazani jioni. Hufuata mwanga, wakataga mayai kwenye udongo wenye unyevu. Mayai yakianguliwa, mabuu hula mizizi. Nyasi isiyo na mizizi hata uimwagie pipa zima haiwezi kunywa. Baba aliitazama chupa yake, akaifunga kifuniko.

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa kuku walikuwa wakitafuta nini.

"Baba," alisema polepole, "sikuwaona kuku waking'oa ukoka. Walikuwa wanachakura palipokwisha kukauka. Nilidhani tu."

"Mbona ulisema umeona kwa macho yako?"

Chiriku akainamisha kichwa. Baba akaiweka chupa chini.

"Na mimi nimekosa," akasema. "Nilibeba maneno yako mpaka mlangoni kwa watu bila kuinama kutazama. Twende wote."

Walimkuta mama mshonaji akiwafunga kuku miguu kwa vitambaa. Alisema atawapeleka sokoni kesho, maana kuku wa kukaa bandani kutwa wamekataa kutaga na chakula chao kimemshinda. Chiriku alihisi machozi yanamlenga, lakini alisema mwenyewe, toka mwanzo mpaka kwenye mabuu na ile chupa ya dawa, na baba hakumsaidia hata neno moja.

Mama mshonaji alimaliza fundo alilokuwa akilifunga. Akamtazama sana.

"Mwanangu, ungeniuliza ningekuambia. Umeona wapi kuku akaacha mdudu akala nyasi?" Kisha akaanza kulifungua lile fundo. "Nitawaleta. Lakini hiyo dawa yenu isiguse ardhi."

Baba akaahidi.

Kazi ikaanza kesho yake. Baba aliweka wavu kuzunguka sehemu zilizokauka, kuku wasiingie penye ukoka mzima. Chiriku alipindua udongo, nao wakafuata nyuma yake wakidonoa. Mabuu yaliyowaponyoka aliyatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Taa ya barazani ikawa haiwashwi jioni bila sababu, na baba akaacha kumwagilia kila siku. Alimwagilia asubuhi tu, udongo ukikauka. Alipofukua tena na kukuta mabuu yamebaki ya kuhesabika, walipanda vipandikizi vipya.

Mama mshonaji alikuja kusaidia kushindilia udongo. Mama yake alipomwona Chiriku anagusagusa chipukizi kuhakikisha limeshika, alichuchumaa kando yake.

"Tungepuliza dawa siku ile," alimwambia, "tungeweza kumdhuru mdogo wako na kuku wa watu, na bado tusingejua tunapigana na nini. Kwanza tazama, ndipo utende. Na ukiulizwa, sema ulichokiona; ulichokidhani kiite dhana. Ukoka ukikauka tunapanda mwingine. Lakini jina la mtu ukiling'oa, mwanangu, huwezi kwenda mahali ukachukua kipandikizi."